Damu Hii Ni Salama Kiasi Gani?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Makala haya yalianzia kwenye benchi. Nilikuwa kidato cha kwanza wakati huo. Mama alikuwa amejifungua mtoto mvulana katika zahanati moja hapa Kitengela. Mtoto alikuwa mzima, analia kama king'ora, lakini damu ya mama ilikataa kukoma. Ambulensi ikamchukua, ikapita Isinya mbio mbio kuelekea Kajiado, nasi tukafuata kwa matatu ya kwanza ya alfajiri. Tulipofika hospitalini tukaambiwa kwamba mama anahitaji painti 3 za damu, na kwamba familia itafute watu 3 wa kuirudisha.

Tukaketi kwenye benchi la mbao nje ya maabara. Baba aliuliza swali moja tu: "Daktari, hii damu iko salama?"

Yule hakuwa daktari, alikuwa mhudumu wa maabara, lakini si mnajua kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Akajibu kwa upole, "Mzee, damu imepimwa, iko salama. Lakini siwezi kukudanganya. Hakuna damu ya asilimia mia."

Maneno hayo yalinichoma kama mwiba. Ikiwa si asilimia mia, basi ni asilimia ngapi? Ukipata alama 99 katika mtihani utabebwa juu juu na kuimbiwa. Lakini ukiambiwa kwamba matatu hii hufika salama mara 99 kati ya 100, je, utaipanda?

Mama aliongezewa damu ile na yu hai hadi leo. Ndiye huniamsha saa kumi na moja asubuhi ili nisichelewe shuleni. Swali langu lakini lilikaa kifuani miaka miwili. Muhula wa kwanza mwaka huu, tulipoifikia mada ya uwezekano katika somo la Hisabati, nilimfuata mwalimu baada ya kipindi nikamweleza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mwalimu aliweka chaki chini akasema, "Binti, hilo ni swali la takwimu, na watu wamelijibu. Tena wamelijibu hapa hapa Kenya." Kisha kwa wiki kadhaa akawa ananiletea karatasi za kusoma, nami nikawa namsumbua kila siku wakati wa chai.

Tuanze na mwaka 1994. Mwaka huo watafiti walikwenda katika hospitali 6 za serikali nchini Kenya wakafanya jambo rahisi kulieleza. Walifuatilia damu iliyotolewa, majibu iliyopewa na maabara ya hospitali, na mahali ilipokwenda. Kisha damu hiyo hiyo ikapimwa upya katika maabara kubwa. Kati ya watoaji 1,877, watu 120 walikuwa na virusi vya UKIMWI, yaani asilimia 6.4. Hilo lilitarajiwa, kwa sababu miaka ile ugonjwa ulikuwa umeenea sana. Jambo la kutisha lilikuwa upande wa pili. Walikadiria kwamba kati ya kila watu 100 walioongezewa damu, watu 2 waliambukizwa virusi kupitia damu hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet la Uingereza.

Wawili kati ya mia! Mtu anaweza kusema ni kidogo. Mwalimu akaniambia nihesabu kama mama angekuwa mgonjwa wa mwaka 1994. Painti moja ina uwezekano wa 0.98 wa kuwa safi. Painti tatu kutoka kwa watu watatu, zote ziwe safi, ni 0.98 mara 0.98 mara 0.98, unapata 0.941. Yaani hatari yake ingekuwa karibu 6 kati ya 100. Nilipoliandika jibu hilo daftarini mkono wangu ulisita. Hisabati nyingine hufai kuifanya ukiwa na njaa.

Sasa sikiliza kitu kilichonishangaza zaidi. Sababu kubwa ya hatari ya mwaka 1994 haikuwa kwamba sayansi haikujua kutambua virusi. Vipimo vilikuwepo. Sehemu kubwa ya damu ile mbaya ilipita kwa sababu ya makosa ya kazi maabarani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa maana ya modeli ya takwimu. Nilidhani ni mashine. Kumbe ni njia ya kuivunja hatari vipande vipande, ukaangalia kila kipande kinachangia kiasi gani. Hebu tufanye mfano wetu wenyewe, kwa nambari za kubuni tu ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kaunti fulani inakusanya painti 10,000, na mtoaji 1 kati ya 100 ana virusi. Basi painti 100 ni mbaya. Tuseme kipimo hunasa 99 kati ya kila 100. Ikiwa kila painti itapimwa, itapita 1 tu. Si vibaya, au sio?

Lakini tuseme dawa za kupimia huisha mara kwa mara, hivi kwamba painti 500 hutumiwa bila kupimwa kwa kuwa mgonjwa anakufa na hakuna la kufanya. Katika hizo 500 kuna 5 mbaya, na zote zinapita. Ongeza ile moja inayopenya katika zilizopimwa, unapata 6. Hatari imekuwa mara sita, na kipimo ni kile kile! Ungenunua kipimo cha bei ghali zaidi duniani, bado zile 5 zingepita. Nilimwambia mwalimu kwamba hii ni kama kuweka kufuli ya shaba mlangoni na dirisha liko wazi. Akacheka, akasema dirisha tutalifikia, ngoja.

Kwa namna hiyo hiyo, mwaka 2010 watafiti wengine walichapisha makadirio ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kwa jumla. Waliingiza katika modeli yao wagonjwa wangapi wapo miongoni mwa watoaji, damu kiasi gani hupimwa, vipimo hukosea mara ngapi, na wapokeaji wangapi wanaweza kuambukizwa. Walipata kwamba katika kila painti 1,000, virusi vya UKIMWI vingemwambukiza mtu 1, homa ya ini aina ya B watu 4.3, na homa ya ini aina ya C watu 2.5. (Usiniulize sehemu tatu ya kumi ya mtu inafananaje. Wastani ndivyo ulivyo.) Angalia vizuri hapo, msomaji. Sote tunaogopa UKIMWI, lakini katika hesabu hiyo homa ya ini ndiyo iliyotangulia mbele. Tena usichukue nambari hizo ukazibandika kwenye ukuta wa hospitali ya Kajiado. Ni za nchi nyingi zilizochanganywa, zinazopima kila painti na zisizopima.

Kwetu Kenya mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Damu ilihitajika kwa wingi siku hiyo, na nchi ikagundua kwamba haikuwa na mfumo wa maana wa kuikusanya na kuihifadhi. Kila hospitali ilijitegemea. Baada ya hapo ikaundwa huduma ya kitaifa ya damu, sera yake ikatolewa mwaka 2001, na vituo vya kanda vikawekwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Embu. Kazi ya kupima ikaanza kutoka kwenye vyumba vidogo vya hospitali ikapelekwa kwenye vituo hivyo. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende.

Basi tuseme kila painti imepimwa, na hakuna aliyekosea maabarani. Je, tumefika asilimia mia? La hasha! Hapa sasa ndipo dirisha linapoingia.

Ninyi mnaoishi upande wa Isinya mnajua mbuga ikikauka inavyokuwa nyekundu. Mvua ya kwanza hunyesha usiku. Kesho yake mtu akipita atasema, "Hapa hakuna nyasi." Amesema alichoona, lakini nyasi zipo, ziko chini ya udongo zinaamka. Rudi baada ya siku chache utaona kijani. Virusi navyo huwa hivyo hivyo. Siku mtu anapoambukizwa, kipimo hakioni kitu. Kipimo kikiwa kile cha kutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na virusi, lazima kingoje mpaka askari hao waonekane. Siku hizo za kati ndizo huitwa kipindi cha dirisha. Mtu akitoa damu ndani ya siku hizo, maabara itasema damu ni safi, na haitakuwa imekosea kazi yake.

Utapimaje hatari ya kitu ambacho kipimo hakikioni? Nilidhani haiwezekani. Lakini mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha jibu ambalo ni rahisi kiasi kwamba nilikasirika kwa nini sikulifikiria mimi. Walizidisha vitu viwili: watoaji wangapi huambukizwa kwa mwaka, na dirisha lina urefu wa siku ngapi. Basi!

Tuchukue tena mfano wa kubuni. Tuna watoaji 10,000 wa kila mara. Kwa mwaka mmoja 10 kati yao huambukizwa. Dirisha la virusi vya UKIMWI katika utafiti ule lilikadiriwa kuwa siku 22. Kila mmoja wa wale 10 ana siku 22 kati ya 365 ambazo damu yake ni mbaya na haionekani. Kwa hiyo uwezekano wa painti moja kuangukia dirishani ni 10 gawanya kwa 10,000, mara 22 gawanya kwa 365. Jibu ni kama painti 1 kati ya 16,600. Shika kikokotoo ujaribu mwenyewe.

Katika Marekani yenyewe, walikoambukizwa watoaji wachache zaidi, walipata painti 1 kati ya 493,000 kwa virusi vya UKIMWI. Homa ya ini aina ya C, ambayo dirisha lake wakati huo lilikuwa siku 82, ilikuwa 1 kati ya 103,000. Aina ya B, siku 59, ilikuwa 1 kati ya 63,000. Tangu hapo vipimo vimepunguza siku hizo, hasa vile vinavyotafuta virusi vyenyewe bila kungoja kingamwili, na hatari imeshuka zaidi.

Sasa rudi kwenye mfano wetu wa 16,600. Kuna njia mbili za kuuboresha. Ukinunua kipimo kizuri kinachofupisha dirisha kutoka siku 22 hadi 11, hatari inakuwa 1 kati ya 33,200. Vizuri. Lakini ukipata watoaji ambao wanaoambukizwa kwa mwaka ni 2 badala ya 10, hata bila kubadilisha kipimo, hatari inakuwa karibu 1 kati ya 83,000. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu. Kumchagua mtoaji kulishinda mashine.

Hapo nikamkumbuka baba mdogo.

Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje jina. Asubuhi ile ya benchi yeye alikuwa mmoja wa watu 3 walioitwa kurudisha damu. Alitoka kazini Athi River akaja na viatu vyenye vumbi la saruji. Alipewa fomu yenye maswali, mengine ya aibu: umekuwa na mpenzi mpya siku za karibuni? Umewahi kuugua hiki au kile? Baba alikuwa ameketi ubavuni pake, mimi upande wa pili. Baba mdogo akatia alama kwenye "hapana" kuanzia juu hadi chini, haraka kama mtu anayesaini risiti, wala sikuona macho yake yakisoma. Wiki moja baadaye, mama akiwa amesharudi nyumbani, alisema huku akicheka, "Ningejibu nini na kaka ameketi pale? Na shemeji yuko ndani anakufa?"

Sisemi alikuwa na ugonjwa. Sijui, na si kazi yangu kujua. Ninachosema ni kwamba katika siku za dirisha mashine imelala, na kipimo pekee kinachofanya kazi ni ulimi wa mtoaji. Mtu anayetoa damu kwa sababu ndugu yake yuko kitandani hawezi kusema "leo nipitisheni" bila watu kumtazama vibaya. Ndiyo maana wataalamu hupendelea watu wanaojitolea wenyewe, bila kulazimishwa wala kulipwa, na wanaorudi tena na tena. Si kwa sababu jamaa ni watu wabaya. Mtu aliyejitolea ana nafasi ya kusema ukweli na hakuna anayepoteza kitu.

Lakini pia tusijidanganye. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ikusanye painti zisizopungua 10 kwa kila watu 1,000 kila mwaka. Katika sensa ya 2019 kaunti yetu ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840. Piga hesabu: ni painti zaidi ya 11,000 kwa mwaka, kama 30 kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Nani atazitoa? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu ya Kenya imetolewa na wanafunzi wa shule za upili, yaani sisi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, akiba ya damu ilipungua. Kabla ya hapo, mwaka 2019, msaada wa fedha kutoka Marekani ulikuwa umekoma na huduma ya damu ikayumba. Akiba ikiisha, familia huitwa kwenye benchi, na tunarudi palepale kwa baba mdogo na fomu yake.

Na kuna hatari ambayo haimo katika modeli yoyote niliyoeleza hapo juu, nayo ni ya kukosa damu. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali ya Siaya kuhusu watoto waliopungukiwa damu sana. Wale waliokuwa na hali mbaya kabisa walinusurika zaidi wakiongezewa damu, lakini ikiwa tu waliongezewa siku ya kulazwa au siku iliyofuata. Baada ya hapo damu haikuwasaidia. Kwa hiyo painti iliyochelewa ina hatari yote na haina faida, na painti asiyoihitaji mgonjwa vilevile. Kwa mama, upande mmoja wa mizani ulikuwa na kitu kama 1 kati ya maelfu. Upande wa pili alikuwa anavuja damu kitandani. Nikilitazama hivyo, jibu la yule mhudumu wa maabara lilikuwa la kweli na lilitosha. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kulipima.

Nilipowasomea wenzangu darasani sehemu ya makala haya, wengine walisema kutoa damu kunakausha mwili. Mwenzetu mmoja wa jamii ya Wamaasai akawacheka. Alisema babu yake humtoboa ng'ombe shingoni kwa mshale mdogo, damu ikakingwa kwenye kibuyu ili ichanganywe na maziwa, kisha kidonda kikazibwa na ng'ombe akaenda malishoni. "Ng'ombe mwenyewe hajawahi kulalamika," akasema. Darasa zima likaangua kicheko, na ubishi ukaisha.

Muhula wa pili watu wa damu walikuja shuleni kwetu na visanduku vyao vya barafu. Umri wa kuanza kutoa ni miaka 16, nami nilikuwa nimeutimiza mwezi mmoja kabla. Nikaingia kwenye foleni. Fomu nilijaza nikiwa peke yangu kwenye dawati la pembeni, nikasoma kila swali hadi mwisho, hata yale yaliyonifanya nitazame chini. Nilikuwa tayari. Kisha muuguzi akanipandisha kwenye mizani.

"Kilo 48," akasema. "Tunataka 50, mama. Nenda ukale ugali, tutaonana tena."

Nikapelekwa kwenye meza ya soda na biskuti kuwahudumia waliokwisha kutoa. Mwezi uliopita nilijipima tena kwa mizani ya duka la nafaka karibu na stendi ya matatu. Kilo 49 na nusu, na viatu.